Kabla ya kumlaumu mfanyakazi, ulizeni ndani ya tangi kulikuwa na kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ndefu kuhusu milipuko kwenye viwanda vya kemikali, nimeisoma mara mbili, na nawashukuru kwa kuiandika maana magazeti mengi huandika siku ya moto tu, moshi ukiisha na habari imeisha. Ila kuna kitu kimenikaa rohoni toka siku ile nikaona bora niandike kuliko kubaki nacho. Makala nzima inamzungumzia mfanyakazi. Mfanyakazi hakuvaa glavu, mfanyakazi hakuangalia thamomita, msimamizi hakufuata masharti, mafunzo hayatoshi. Sawa, yote yapo na sipingi hata moja. Lakini hakuna hata sehemu moja mlipouliza hicho kilicholipuka kilikuwa kiasi gani pale ndani, na kwa nini kilikuwa kiasi hicho kwa wakati mmoja. Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka mingi na kwangu hilo ndo swali la kwanza, hayo mengine yanafuata. Na huko mbele nitawaeleza riakta ya mkondo, yaani mrija mwembamba ambao kemikali zinamenyuka zikiwa zinapita, kidogo kidogo, badala ya kujazwa zote kwenye tangi.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo juzi tu. Kazi niliyopewa ilikuwa riaksheni ya naitro (riaksheni ni kemikali kumenyuka na kugeuka kitu kingine), yaani una kitu chako kwenye chupa ya duara ya lita 2, chupa imekaa kwenye barafu, afu unakidondoshea mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya salfuriki, taratibu, tone kwa tone, na ndani kuna kisumaku kinazunguka kukoroga. Hiyo riaksheni inatoa joto jingi sana kwa hiyo kila tone likiingia inabidi lichanganyike, limenyuke, joto lake litoke, ndo liingie jingine. Thamomita ilikuwa mbele ya macho yangu, inasoma digrii 4, 4, 5, 4, mimi nikaridhika kabisa nikaona kazi inaenda vizuri. Kumbe kisumaku kilikuwa kimeacha kuzunguka, sijui kwa dakika ngapi, mchanganyiko ulikuwa mzito kikakwama, na asidi niliyokuwa nadondosha ilikuwa inashuka inajikusanya tu upande wake haimenyuki. Thamomita ilikuwa imetulia kwa sababu hakuna kilichokuwa kinaendelea, na mimi nikasoma ule utulivu kama usalama!

Mwenzangu akapita, akaniambia wewe kisumaku chako kimesimama hicho, akanyoosha mkono akaongeza spidi ya mashine. Alitaka kunisaidia, na hata mimi ningefanya vile vile. Asidi yote niliyoidondosha kwa nusu saa ikachanganyika kwa sekunde chache. Hata muda wa kusoma thamomita sikupata. Moshi wa kahawia ukajaa lile kabati la maabara la kuvuta moshi tulilokuwa tunafanyia kazi, chupa ikatapika juu, kioo kikapasuka, na mkono wake ulikuwa bado uko pale kwenye kitufe. Alama anayo mpaka leo, imeanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Ripoti ilikuja na mistari mitatu, na neno kubwa ndani yake lilikuwa uzembe.

Sasa nakubali, nilitakiwa niangalie kisumaku. Nimelibeba hilo miaka yote. Ila nimekuja kuuliza swali jingine baadaye sana: kwa nini mpango mzima wa kazi ulitegemea kwamba mtu mmoja asipepese macho kwa saa tatu? Na kwa nini siku alipopepesa kulikuwa na zaidi ya lita moja ya kitu kinachosubiri?

Hilo swali sio la kwangu peke yangu, ni la zamani. Nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka kirahisi sana, iligunduliwa na Ascanio Sobrero kule Torino, Italia, mwaka 1847, na yeye mwenyewe aliiogopa. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana ya familia ya Nobel, waliokuwa wanaitengeneza pale Heleneborg, Stockholm, Sweden, ililipuka ikawaua watu kadhaa akiwemo Emil, mdogo wake Alfred Nobel. Biashara haikusimama, viwanda vikaongezeka, na kwenye kiwanda cha Nobel huko Ardeer, Uskoti, kulikuwa na mzee wa kukaa mbele ya tangi la nitrogliserini kuangalia thamomita ili joto lisipande. Anakaa kwenye stuli ya mguu mmoja. Mguu mmoja kweli, na sababu ni kwamba akisinzia tu ataanguka na ataamka. Mimi nilipoona picha ya yule mzee kwenye stuli yake nilinyamaza muda mrefu maana nilijiona mwenyewe. Walifikiria sana jinsi ya kumzuia mtu asilale, na mbele yake wakamwekea tangi lenye kitu cha kubomoa kiwanda kizima.

Baadaye ndo wakaja mainjinia wengine wakageuza swali. Trevor Kletz, mkemia wa Uingereza aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya ICI na ambaye mafundi wa usalama wa viwanda wanamjua vizuri, alikuwa anapenda kuueleza mfano huu huu. Zamani nitrogliserini ilitengenezwa kwa bechi, yaani tangi zima kwa mkupuo mmoja, tani moja hivi inakaa kwenye tangi kama saa 2, inakorogwa na kupozwa huku watu wanaomba Mungu. Wakajiuliza kwa nini inachukua saa 2. Kumbe riaksheni yenyewe ni ya haraka, kinachochelewesha ni kuchanganya na kupoza lile tangi kubwa. Wakatengeneza riakta ndogo ambayo vitu vinapita bila kusimama, ndani yake kuna kilo moja hivi tu na inakaa dakika kama 2, na uzalishaji haukupungua. Afu wakaenda mbele zaidi, wakatengeneza kifaa ambacho asidi ikipita kwa kasi inaivuta gliserini yenyewe kwa ule mvuto wa hewa. Asidi ikikatika, gliserini haina wa kuivuta, riaksheni inaisha hapo hapo. Hakuna mtu wa kukimbia kufunga valvu. Yaani lile kosa ambalo yule mzee wa stuli alikuwa anazuia kwa macho yake, bomba lenyewe linakataa kulifanya.

Kletz alikuwa na usemi wake maarufu toka miaka ya 1970, kwamba kile usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Mwanzoni linasikika kama jambo la wazi ambalo halihitaji kusemwa, mpaka ukumbuke kiwanda cha Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984. Watu wengi wanajua maji yaliingia kwenye tangi namba 610, gesi ya methili isosayaneti ikatoka, kama tani 40, na maelfu ya watu wakafa. Wachache wanajua kwamba ile sumu haikuwa bidhaa. Haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa kitu cha katikati tu, inatengenezwa hapa ili itumike pale kutengeneza dawa ya kuua wadudu, na ilirundikwa kwenye matangi kwa sababu kurundika kulikuwa kunarahisisha kazi. Baada ya hapo kampuni ya DuPont ikatumia njia ya kuitengeneza sumu hiyo hiyo na kuitumia pale pale, bila kuwa na stoo kubwa. Sasa niambieni Mhariri, makala inayosema mfanyakazi alikosea itawahi kutufikisha kwenye lile tangi na swali la kwa nini lilikuwa limejaa?

Nije kwenye hizi riakta ndogo za mkondo zenyewe maana ndo sababu ya barua hii. Msifikirie mtambo. Hii tuliyonayo sisi ni mrija wa plastiki ya tefloni, tundu lake milimita 1, urefu mita 10, umeviringishwa kama waya na kutumbukizwa kwenye beseni la maji. Upande mmoja kuna pampu mbili ndogo, moja inasukuma kitu hiki nyingine kile, vinakutana kwenye kiunganishi chenye umbo la herufi T, vinasafiri pamoja ndani ya mrija vikimenyuka njiani, na upande wa pili vinatokea kwenye chupa yenye kitu cha kuizima riaksheni. Basi. Ukipiga hesabu, mrija wote unabeba mililita 8 hivi, haijai vijiko viwili vya chai. Hicho ndo kiasi chote kinachomenyuka kwa wakati wowote ule, iwe asubuhi, iwe usiku wa manane, umefanya kazi saa moja au wiki nzima.

Na hilo la kiasi ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni joto. Maji ya moto kwenye ndoo yanakaa na joto lake muda mrefu, ukiyamwaga sakafuni yanapoa hapo hapo, kila mtu ameona. Ni suala la ngozi na mwili, yaani eneo la nje likilinganishwa na ujazo wa ndani. Tangi la upana wa mita 2 lina kama mita za mraba 2 hadi 3 za ukuta kwa kila mita ya ujazo ya kilichomo. Mrija wa milimita 1 una mita za mraba 4,000. Elfu nne! Kwa hiyo joto likizaliwa tu ukuta uko hapo hapo unalichukua. Kwenye tangi joto la katikati halina pa kwenda, na hapa ndo pana hatari maana kemia ina tabia mbaya, ukiongeza digrii 10 riaksheni nyingi zinaongeza kasi kama mara mbili, joto linalozalishwa linapanda kwa kujizidisha wakati upozaji unapanda kwa hatua zile zile tu. Ukivichora viwili hivyo kwenye grafu, kuna mahali mistari yake inaachana na ikishaachana hakuna binadamu wa kuikimbiza. Wenyewe tunasema riaksheni imekimbia, na kweli inakimbia.

Kuchanganyika nako ni hivyo hivyo. Kwenye mrija mwembamba chembe ina safari fupi ya kukutana na mwenzake, na muda wa safari hiyo unapungua kwa mraba wa umbali, ukigawa upana kwa mbili muda unagawanyika kwa nne. Hakuna kisumaku cha kukwama. Hakuna kona ya asidi kujificha na kusubiri.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Marekani, kampuni ya T2 Laboratories pale Jacksonville, Florida, tarehe 19 Desemba 2007. Walikuwa wanatengeneza kemikali ya kuongezwa kwenye petroli, wanatumia madini ya sodiamu, riakta moja kubwa ya lita 9,000 na kitu. Walishafanya bechi 174 zikapita. Ya 175 maji ya kupozea hayakufanya kazi na hayakuwa na mbadala. Walikufa watu 4 na 32 wakaumia, na mmoja wa waliokufa ni mmiliki mwenza, injinia wa kemikali mwenyewe, sio kibarua aliyeokotwa barabarani bila mafunzo. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilikuta kwamba kulikuwa na riaksheni ya pili ndani yake, inayoanza joto likipanda zaidi, ambayo wenye kiwanda hawakuitambua kama hatari, na kwamba kutoka kwenye majaribio ya chupa ya lita 1 waliruka moja kwa moja kwenda kwenye lile riakta kubwa. Kwenye chupa ya lita 1 ukuta ulikuwa karibu, joto lilikuwa linatoka lenyewe. Walipokuza chupa ngozi haikukua sawa na mwili. Naomba muisome hiyo sentensi tena maana ajali nyingi sana za kemia zimelala humo. Kitu kilichokuwa mpole mezani kinakuwa kingine kabisa kwenye tangi ingawa hakuna aliyebadilisha hata kemikali moja.

Na kwenye mrija hamkuzi hivyo. Mkitaka zaidi mnaacha pampu iendelee kwa muda mrefu, au mnaweka mirija mingine pembeni ya ule wa kwanza, kila mmoja una upana ule ule na ngozi ile ile. Najua mtu atasema mililita 8 utatengeneza nini, hiyo ni michezo ya wanafunzi. Haya tupige hesabu. Kama riaksheni inahitaji dakika 2, mrija wa mililita 8 unatoa mililita 4 kila dakika, kwa siku nzima ni karibu lita 6. Ile chupa yangu ya lita 2 ilinichukua siku nzima kuandaa, kudondosha, kupoza, kumwaga na kuosha, na ikaishia vile. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Eli Lilly walichapisha kazi yao ya dawa moja ya saratani iliyokuwa kwenye majaribio, prexasertib, walitengeneza kilo 24 kwa vifaa vidogo vya mkondo vilivyokaa ndani ya makabati ya kawaida ya maabara, kama kilo 3 kwa siku, na mojawapo ya hatua zake inatumia hidrazini ambayo ni sumu na inaweza kulipuka. Kwa hiyo udogo wa mrija sio udogo wa kazi.

Halafu kuna vitu ambavyo sisi tulifundishwa kuviogopa mpaka tukaviacha kabisa. Diazomethani kwa mfano. Ni gesi ya njano, inaua ukiivuta, na inaweza kulipuka kwa kitu kidogo kama ukingo wa kioo uliokwaruzwa, ndo maana wanaoitengeneza kwa njia ya zamani wanatumia vyombo vya kioo laini tupu visivyo na viungio vya kukwaruza. Lakini ni kemikali nzuri mno kwa kazi yake, safi, haiachi uchafu, na imetumika kutengeneza vipande vya dawa za virusi vya ukimwi. Sasa watu wameweka mrija ndani ya mrija. Ule wa ndani umetengenezwa kwa aina ya tefloni inayopitisha gesi ila haipitishi maji wala chumvi, diazomethani inazaliwa ndani yake, inapenya ukuta, inakutana nje na kile inachotakiwa kumenyuka nacho, inaisha. Imezaliwa na imekufa ndani ya dakika chache na hakuna chupa yake popote, hakuna wa kuibeba, hakuna wa kuihifadhi. Mimi nilipoelewa hiyo kitu mara ya kwanza nilisimama pale ubaoni nikaichora mara tatu.

Na malaria. Artemisini, dawa yake, inatoka kwenye mmea, ila kwenye mmea huo huo kuna asidi iliyo ndugu yake ambayo zamani ilikuwa inabaki kama taka. Kuigeuza iwe artemisini unahitaji mwanga mkali na oksijeni, na hapo ndo watu wazima walikuwa wanarudi nyuma, maana oksijeni tupu juu ya tangi la kiyeyushi (kimiminika cha kuyeyushia kemikali) kinachowaka sio kitu cha kukaa nacho chumba kimoja, na hata mwanga wenyewe haufiki katikati ya chombo kikubwa, unaishia ukutani. Mwaka 2012 François Lévesque na Peter Seeberger wa taasisi ya Max Planck pale Potsdam, Ujerumani, wakauzungushia mrija mwembamba wa plastiki inayopitisha mwanga kwenye taa, kitu na oksijeni vinapita humo pamoja, mwanga unafika kila mahali kwa sababu hakuna mahali pa mbali. Gesi iliyomo ndani kwa wakati mmoja ni kidogo sana. Tatizo la usalama na tatizo la mwanga yametatuliwa na kitu kimoja, wembamba.

Ila sitaki mtu asome barua hii akimbilie kununua mirija akidhani amenunua usalama. Kwanza mirija inaziba. Riaksheni nyingi zinatoa chumvi au punje, na punje kwenye tundu la milimita 1 ni kama gogo kwenye mfereji. Sisi ilitutokea, tena mapema. Presha ya pampu ilikuwa imekaa kwenye 3, nikaona 5, nikaona 9, kabla sijasimama pampu ikajizima yenyewe kwa sababu tulikuwa tumeipangia kikomo. Tukaenda kuangalia, kuna kipande cha urefu wa kidole kimegeuka cheupe pale baada ya kiunganishi, kimejaa punje. Tukasubiri ipoe, tukakata kile kipande kwa uangalifu, tukabadilisha kiyeyushi kilichokuwa kinashindwa kuishika ile chumvi. Hasara ya siku ile ilikuwa mrija nusu mita na mililita chache. Lakini fikirieni kama kile kikomo cha presha kisingekuwepo. Au kama pampu moja ingesimama na nyingine ikaendelea, uwiano unaharibika kimya kimya na huko mbele kwenye chupa ya kuzimia unakusanya kitu ambacho hukukipanga. Kwa hiyo pampu lazima ziunganishwe, moja ikifa zote zife.

Pili, madumu. Unaweza kuwa na mililita 8 kwenye mrija na dumu la lita 20 la sumu linalolisha ule mrija, hapo umejidanganya. Hesabu ya hatari inapigwa kwa chumba kizima, na faida ya kweli inakuja pale ile sumu yenyewe inapozaliwa ndani ya mrija kutoka kwenye vitu vilivyo wapole kuliko yenyewe, kama nilivyoeleza kwenye diazomethani. Tatu, kuwasha na kuzima. Dakika zile za mwanzo kabla mkondo haujatulia na zile za mwisho ndo zenye makosa mengi, nimewaambia vijana wote ninaofanya nao kazi waanze na kiyeyushi kitupu na wamalize na kiyeyushi kitupu. Nne, kuna wanaosema mrija mwembamba hauwezi kupitisha mlipuko. Miale ya moto mingi inazimika kwenye tundu dogo ni kweli, ni kanuni ile ile ya taa ya wachimba makaa ya Humphry Davy ya mwaka 1815 yenye wavu, lakini sio kila mlipuko unatii hiyo, vipo vinavyopita hata kwenye mrija mwembamba kabisa, hasa presha ikiwa juu. Na ukiweka azidi, yaani kemikali za nitrojeni ambazo nyingi zinalipuka, kwenye bomba la shaba au lenye madini ya risasi unaweza kuzalisha ukutani kitu kibaya kuliko ulichoanza nacho. Kujua kemia yako bado ni lazima. Na zipo riaksheni za polepole za siku nzima ambazo mrija hauzifai, hizo ziacheni kwenye chupa zao.

Kinachoniudhi, na hapa naomba mniruhusu niseme kwa nguvu, ni kwamba bado wanafunzi wa kemia wanamaliza chuo wanajua kemia ya chupa tu. Nimepokea vijana wazuri, wenye akili, wanaweza kukuandikia mmenyuko wote ubaoni na mishale yake ya elektroni, ukimuuliza hii riaksheni inatoa kilojuli ngapi za joto na zinakwenda wapi ananiangalia. Hakufundishwa. Amefundishwa kudondosha taratibu na kuangalia thamomita, kama mimi nilivyofundishwa, kama yule mzee wa stuli alivyofundishwa. Na vifaa vya kuanzia sio vya ajabu, mrija, pampu mbili zinazosukuma sawasawa, kiunganishi, valvu ya kushikilia presha. Mwanafunzi anaweza kufanya zoezi la kwanza na riaksheni ya asidi na besi tu, hakuna sumu yoyote, apime joto kwenye chupa na kwenye mrija afu alinganishe mwenyewe. Akishaona kwa macho yake thamomita moja imeruka na nyingine imekaa hamtahitaji kumhubiria.

Ninachoomba kwenu Mhariri ni kitu kidogo. Siku mkimtuma mwandishi kwenye ajali nyingine ya kemikali, na itatokea, mpeni maswali haya aende nayo. Ndani ya tangi kulikuwa na kiasi gani riaksheni ilipokimbia? Kilihitajika kiasi gani kuwa pale kwa wakati mmoja, au kilikuwepo kwa sababu tangi lilikuwepo? Ile sumu ilikuwa bidhaa au kitu cha katikati? Upozaji ukikatika nini kinaendelea kuingia, na nani au nini kinakisimamisha? Mwandishi hahitaji kuwa mkemia kuuliza hayo, na msemaji wa kiwanda atapata shida zaidi kuyajibu kuliko lile la glavu. Glavu mwulizeni pia, lakini baadaye.

Yule mwenzangu mwenye alama mkononi bado tunawasiliana. Mwaka jana alikuja kututembelea nikamwonyesha riaksheni ile ile, kitu kile kile, asidi zile zile, inapita kwenye mrija. Akasogea karibu, akaangalia thamomita ya beseni, digrii 20, hakuna barafu hata kipande. Akaniuliza joto lote limekwenda wapi. Nikamwambia limetoka, liko kwenye maji hayo, linatoka kila sekunde kidogo kidogo. Akakaa kwenye kiti pale karibu saa nzima anaangalia matone yanavyodondoka kwenye chupa ya mwisho, hakuongea sana.

Mrija wenyewe umeanza kuwa wa njano kwenye mizunguko ya mwanzo kwa hiyo Jumatatu tunaubadilisha, na kijana tuliyempokea mwezi huu ndo atauviringisha mpya.

Wenu,
Fundi wa maabara, msomaji wenu wa siku nyingi